Chumba cha Watu Wazima Wawili

Nilipotoka Rugu kwenda Rubwera kumlea mzazi, binti yangu aliyejifungua, nilibeba kila kitu ambacho mama wa mwanamke hubeba. Nilikuwa na mkungu wa ndizi za kupika, maharage mapya, unga wa mtama wa uji, samli kwenye chupa ya soda, na jogoo wawili waliofungwa miguu. Dereva wa Noah alilalamika kuhusu wale jogoo mpaka Omurushaka. Kitu kimoja tu sikukibeba, nacho ni akili ya kuuliza nyumba anayokaa na mumewe ina vyumba vingapi.

Nani angeuliza? Mimi Costansia, mjane wa Nsanzimana, ni mkulima tu, na nyumba yangu ni ya udongo. Lakini ina sebule na vyumba vitatu, jiko liko nje kivyake, na nyuma ya jiko kuna migomba ambamo mtu anaweza kushinda siku nzima asionekane. Mkwe akija, shemeji zake wanamkaribisha sebuleni, mimi nazunguka kwa nyuma na kupika. Chakula anapelekewa na mtu mwingine. Akiaga, namjibu nikiwa nyuma ya mlango wa jiko, tena kupitia kwa mtu wa tatu. Ndivyo tulivyolelewa sisi watu wa asili ya Rwanda, na Wanyambo tuliooana nao ni vivyo hivyo: mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawali pamoja, hawapeani mikono, na kulala chini ya paa moja ni jambo ambalo hata kulisimulia ni aibu. Vijana wanacheka. Wacheke. Heshima si utumwa.

Mkwe wangu anaitwa Elpidius. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu amwoe Vero wangu, na nilikuwa sijawahi kumtazama usoni. Nilivijua visigino vyake. Nilikijua kikohozi chake, kile anachokitoa akifika kwenye kona ya nyumba ili niwahi kujificha. Kijana wa watu alikuwa na adabu na kwa adabu ile nilimpenda, ingawa ungeniuliza ana sura gani ningekujibu kwamba ana viatu vyeusi.

Vero alijifungua kwa kupasuliwa. Kwa kawaida angelelewa na mama wa mume, lakini mama yake Elpidius alikufa zamani na dada zake wameolewa Uganda. Kumleta Rugu na mshono mbichi, kwa barabara ile, ingekuwa kumrudisha kwa daktari. Nilijaribu kumlea kwa simu, kunywa uji, usiiname, usinyanyue ndoo, nikaona ni upuuzi, fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikafunga safari.

Bodaboda alinishusha kwenye geti la bati jekundu. Ndani kulikuwa na vyumba vya kupanga vimejengwa mstari mmoja, milango inatazama ukuta, mabeseni yamepangwa nje. Mama mmoja mnene aliyekuwa anapepeta mchele alinipokea mizigo. Alijitambulisha kuwa Auleria, mpangaji wa mlango wa pili, muuza vitumbua. Akanionyesha mlango wa Vero.

Nilimkuta amelala na mtoto, wa kike, mwekundu bado. Nikashukuru Mungu, nikalia kidogo, nikamaliza. Kisha nikatazama nilipo. Kitanda kilikuwa kimemeza nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa na jiko dogo la gesi, ndoo, kabati la vyombo, kiti kimoja, na kamba ya nguo iliyofungwa kwenye mbao za paa. Nikatafuta mlango mwingine ukutani, sikuuona.

"Na chumba kingine kiko wapi?" nikauliza.

Vero akacheka, halafu akashika tumbo maana mshono ulimuuma. "Mama, chumba ndicho hiki."

"Elpidius analala wapi?"

"Hapa hapa."

Nilikaa kwenye kile kiti. Vero akanieleza kama anayemweleza mtoto. Tangu ofisi za wilaya zije Rubwera, vyumba vimekuwa dhahabu. Nyumba za vyumba viwili na sebule zinachukuliwa na watumishi wa serikali, na kila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Elpidius anachomelea milango na madirisha ya chuma. Nusu ya mageti mapya ya mji ule yamepita mikononi mwake, na yeye kwake anaingia kwa mlango wa mbao unaokwaruza sakafu. Nilitaka kucheka. Maskini wa kijijini nina vyumba vya kulaza panya, na watoto wangu wa mjini hawana pa kumweka mama yao.

Jioni nikasikia kikohozi nje. Nikajua ni yeye, nikaruka kutoka kwenye kiti nisijue pa kurukia. Nikageukia ukutani.

"Vero," sauti ikasema kutoka nje, "mwambie mama shikamoo."

"Mwambie marahaba," nikauambia ukuta.

"Mwambie karibu sana, na asijisikie vibaya. Nipe blanketi lile la kijivu na koti. Nitalala karakana."

Vero akamtolea blanketi. Hatua zikaondoka, geti likafungwa. Nikalala kwenye kitanda cha mkwe wangu, kwenye upande wake, na sitaficha, nilijisikia kama mwizi.

Siku zikaanza kwenda hivyo. Asubuhi Elpidius alileta maziwa, akakohoa, nami nikatoka na beseni kwenda nyuma ya vyumba ili apate nafasi ya kumwona mtoto. Huko nyuma nilisimama kando ya choo natazama migomba ya mwenye nyumba mpaka nisikie geti. Alikuwa anamwona mwanawe kama mtu anayemtembelea mgonjwa hospitali, haraka haraka, na koti mwilini. Jioni alirudi kuchukua chakula kwenye hotipoti. Mtoto akawa anaijua harufu yangu kuliko ya baba yake.

Mshono ulikuwa unapona. Vero ndiye alikuwa haponi. Nilimpikia uji wa samli, nikamkanda miguu, nikachota maji, nikafua nepi, lakini usiku alikuwa macho. Kila geti lilipolia aliinua kichwa. Macho yakawa yanaingia ndani, na maziwa ya mtoto yakaanza kupungua.

Auleria naye akaniita mlangoni kwake kama anataka kunionjesha kitumbua. "Mama, yule baba analala wapi?"

"Karakana."

"Mh. Karakana." Akageuza kitumbua. "Mlango wa nne hapa alikaa dada mmoja mwalimu. Mama yake alikuja kumlea hivyo hivyo, mume akatoka kwa heshima. Mama aliporudi kwao, mume hakurudi. Alikuwa ameshapata pa kulala. Mimi sisemi kitu, mama, ila lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Nilimwambia kitumbua chake hakina sukari. Lakini maneno yale niliondoka nayo, na nilipoingia ndani nikakuta Vero ameyasikia zamani, pengine kabla yangu. "Mama," akasema, "mwanaume akishazoea kulala nje harudi kirahisi. Na wewe ukiondoka, nani atanichotea maji? Siwezi kuinama. Sijui nichague nini." Akasema hivyo huku anatazama dari. Dari yenyewe haipo, ni bati tu.

Kuona mtoto wako analazimishwa kuchagua kati ya mama yake na mume wake kwa sababu ya ukubwa wa chumba, ni jambo la kutia hasira. Nilijifunga kitenge vizuri nikaenda kumwona mwenye nyumba.

Anaitwa Novatus. Zamani alikuwa dereva wa malori, sasa amekaa kwenye nyumba yake ya mbele ya kiwanja kilekile, na shughuli yake ni kutazama nani anaingia. Nilimkuta barazani anatafuna mbegu za kahawa. Akanikaribisha, akanimiminia mbegu chache kiganjani kama mtu muungwana. Nikampa shida yangu. Nikamwomba kona yoyote: stoo, jiko, hata baraza, mimi nina mkeka wangu.

"Stoo ina maharage," akasema. "Jiko ni la mke wangu. Na barazani mgeni halali, watasema Novatus analaza watu nje kama mbuzi."

"Basi niruhusu tubanane chumbani. Tutaweka pazia."

Akatikisa kichwa. "Mama, sheria yangu ni moja, na kila mpangaji namwambia kabla hajaleta godoro. Chumba kimoja, watu wazima wawili. Mtoto simhesabu mpaka aanze shule. Sasa hivi chumbani mpo wewe na binti yako. Wawili. Sijasema neno, au nimesema? Kijana akirudi mtakuwa watatu, hapo nitasema."

"Yaani sheria yako inamtoa mwenye mke inaniacha mimi?"

"Sheria yangu haimjui mwenye mke. Inajua hesabu ya watu." Akatema ganda la kahawa. "Usinione mbaya. Vyumba ni vingi na shimo la choo ni moja. Mwaka juzi mpangaji alileta wadogo zake, wakaja na marafiki, masika yakaingia, choo kikafurika mpaka mlangoni kwa huyo mwanamke wa vitumbua. Nani alitukanwa? Mimi. Mgeni siku mbili, mama, ya tatu mpe jembe."

"Nipe hilo jembe basi! Nitakulimia migomba yako yote, niache nilale."

Akacheka, lakini hakunipa jembe wala ruhusa. Hapo nikaona nimpige kwa silaha niliyokuwa nayo. Novatus ni Mnyambo wa kuzaliwa, anajua mwiko wetu kama ninavyoujua. Nikasimama katikati ya ua, mbele ya milango yote, nikapaza sauti. "Sikieni! Kwa kuwa hakuna pa kulala, leo Elpidius anarudi ndani. Leo mama mkwe atalala chumba kimoja na mkwe wake, ndani ya nyumba ya Novatus. Aibu hiyo si yangu, ni ya mwenye nyumba!"

Nilidhani atapaliwa na kahawa. Nilidhani atakimbilia ufunguo wa stoo. Aliendelea kutafuna taratibu, akanitazama karibu kwa huruma.

"Aibu haijazi choo, mama," akasema. "Watu ndio wanaojaza." Akaingia ndani kwake.

 Auleria alikuwa ameinama kwenye beseni, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nami nikarudi chumbani bila stoo, bila jembe, na maneno yameshatoka.

Neno likitamkwa uani halikai uani. Mchana ule ule bodaboda walikuwa nalo, na kabla ya jioni lilikuwa limefika karakana. Kikohozi hakikuja. Hotipoti ikakaa na chakula mpaka kikapoa. Asubuhi maziwa yaliletwa na bodaboda, na yeye mwenyewe hakuonekana. Vero akapokea lile dumu la maziwa, akaliweka chini, akakaa kitandani akaanza kulia bila sauti, huku amebana mshono kwa kiganja.

"Umenifukuzia mume, mama," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana ilinichoma.

Nilimkalisha vizuri, nikamwekea mtoto kifuani, nikaenda nyuma kwenye migomba kufikiri. Nilifikiri hivi. Mwiko huu wa mkwe siuchukii, umenifaa. Umenilinda dhidi ya maneno, umemlinda binti yangu dhidi ya ugomvi ambao wakwe na wakwe huanzisha kwa kuonana kila siku. Lakini waliouweka walikuwa watu wa kibanja, shamba la migomba na nyumba zake. Walikuwa na nyumba kubwa, nyumba ndogo, jiko, ghala, na uwanda wa kuzungukia. Ukiwa na nafasi, kumkwepa mtu ni heshima. Usipokuwa na nafasi, kumkwepa mtu ni kumfukuza. Na mimi nilikuwa nimemfukuza kijana wa watu kutoka kitandani kwake, sheria ya Novatus ikinisaidia kufunga geti. Aliyeweza kumrudisha hakuwa Vero, kwa sababu Vero hakuwa mwiko wake. Mwiko wake nilikuwa mimi.

Nikamwomba Auleria amtazame mzazi wangu. Safari hii hakucheka.

Nilitembea kupitia mbele ya maduka ya vifaa vya ujenzi na vibanda vya chipsi, na vijana wa bodaboda wakanyamaza nilipopita, nikajua walichokuwa wanakizungumza. Njiani moyo ulikuwa unaniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba nitamkuta kijana. La pili, lenye sauti ya Auleria, kwamba nitakuta karakana haina mtu wa kulala, na nitaonyeshwa nyumba ya mwanamke.

Karakana ilikuwa banda la mabati lililo wazi upande mmoja. Mwenye karakana, mzee Anastazi, alinisalimu kwa heshima, nikamwambia namtafuta kijana wangu. Akaonyesha kwa kidole, bila kusema.

Elpidius alikuwa ameinama kwenye geti la mtu. Aliponiona alisimama wima. Nyuma yake kulikuwa na ukuta, mbele yake lile geti, na pembeni nilisimama mimi. Hakuwa na kona ya kukohoa. Basi akafanya alichoweza. Alishika ile kofia ya kuchomelea, ile nyeusi inayofunika uso wote na kuacha kidirisha cha kioo cheusi, akaishusha mpaka kidevuni. Akabaki amesimama hivyo, mikono imening'inia.

Anastazi akazima mashine. Vijana wengine wawili ghafla wakawa na kazi ya kuhesabu misumari.

Kabla sijasema neno nikaona kitanda chake. Yalikuwa maboksi yaliyokunjuliwa juu ya mabati, na blanketi la kijivu limekunjwa vizuri sana, kama anavyokunja mgeni anayeogopa kuambiwa mchafu. Pembeni kulikuwa na kopo la maji na nepi moja ya mtoto, safi, sijui aliichukua lini. Hakukuwa na mwanamke. Mwanamke gani angelala pale?

"Elpidius," nikasema.

Lilikuwa jina lake, na lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwangu mbele yake.

"Shikamoo, mama." Sauti ilitoka ndani ya kofia kama ya mtu anayesemea ndani ya chungu.

"Marahaba. Nimekuja kukuchukua."

"Mama, hapa pananitosha."

"Hapakutoshi. Nimepaona."

 Kioo cheusi kilikuwa kinanitazama, au kilikuwa kinatazama miguu yangu, sikuweza kujua.

"Nikirudi mama utalala wapi?"

"Kitandani na Vero na mtoto. Wewe utalala chini upande wa mlango. Katikati tutaweka pazia."

"Mzee Novatus haruhusu msumari ukutani."

"Wewe si fundi? Tengeneza fremu isimame yenyewe."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Mama, watu watasema nimekuvunjia heshima. Jana wameshasema. Mimi mama yangu alikufa sijamjua vizuri. Nilipooa, baba mdogo aliniambia: sasa una mama, na huyu usimkosee. Nikasema kweli, huyu sitamkosea hata siku moja. Ndiyo maana nilitoka. Sikutoka kwa kuchoka nyumbani. Na jana niliposikia umesimama uani mbele ya watu, kwa ajili ya mimi kukosa chumba cha pili, niliona haya. Nimeshindwa hata kuleta maziwa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Kwa maneno yale sikuwa nimejiandaa. Nikashika lile geti.

"Sikiliza, mwanangu," nikasema. "Hujanikosea. Waliotuwekea mwiko huu walikuwa na nyumba tatu kwenye kibanja kimoja. Wangekaa kwa Novatus, wangetuwekea mwingine. Mimi ndiye ninayeheshimiwa kwa huo mwiko, si ndiyo? Basi mwenye heshima yake ndiye anayekwambia: kwa sasa iweke pembeni. Nikirudi Rugu tutaiokota pale tulipoiacha, utakohoa na mimi nitajificha. Lakini sasa hivi binti yangu halali. Usiku kucha anasikiliza geti. Maziwa yanakauka, Elpidius. Mtoto wako atakunywa heshima?"

 Mkono wenye masizi ukapanda, ukaishika kofia kwa chini, ukaiinua.

Nilipaswa kuangalia chini. Miaka yangu yote niliyofundishwa ilinivuta shingo niangalie chini, na sikuangalia. Nilimtazama. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Macho yalikuwa mekundu, kwa moto au kwa kukosa usingizi, na machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye masizi. Na lile paji la uso, pana, lenye kibonde katikati, nilikuwa nimelibusu kila asubuhi tangu nifike. Kumbe mjukuu wangu alikuwa amelichukua hapa.

"Kumbe ni wewe," nikamwambia. Sikupata neno lingine.

Anastazi alimpa mabaki ya vyuma vya mraba na hakutaka kusikia habari ya malipo. Nikakaa kwenye debe nikingoja, na Elpidius akatengeneza fremu ya kusimama, na miguu minne, na chuma cha juu cha kutundikia kitambaa. Alifanya kazi haraka lakini kila kiungo alikigonga na kukijaribu mara mbili. Kisha tukaondoka. Yeye mbele na fremu begani, mimi nyuma na blanketi na ile nepi. Watu wa maduka walitoka kutazama. Nilitembea kichwa juu.

Novatus alikuwa getini.

"Mmekuwa watatu," akasema.

Nilifungua mdomo, lakini Elpidius alinitangulia. Alishusha fremu chini kwanza, ili aongee na mkubwa bila mzigo begani.

"Ndiyo, mzee. Huyu ni mama yangu. Atakaa mpaka Vero apone, na mimi nitalala nyumbani kwangu."

"Unaijua sheria."

"Naijua, mzee."

Novatus alimtazama, akatazama fremu, akanitazama mimi. Sikuona chuki usoni mwake. Niliona mtu anayefikiria shimo lake. "Sitawatoa leo, mna kichanga," akasema. "Lakini kodi yenu inaisha mwezi ujao, na sitapokea nyingine. Nikimwachia mmoja, kesho nitakuwa na watu ua mzima."

"Tutahama, mzee," Elpidius akasema. "Asante."

 Nilikuja kumlea mzazi, na sasa nilikuwa nimempotezea chumba. Watahamia wapi? Huko pembeni mwa mji kuna nyumba ambazo hazijaisha, hazina umeme wala saruji chini, na maji ni bondeni, na kutoka huko mpaka karakana ni mwendo. Yote hayo yalinipita kichwani nikiwa getini. Elpidius alinyanyua fremu, akasukuma geti kwa bega, akalishikilia wazi. Hakugeuza uso.

"Mama, pita," akasema.

Nikapita mbele yake.

Ndani, Vero alimwona mumewe nyuma yangu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Hatukuongea sana. Fremu ilitoshea kati ya kitanda na mlango kana kwamba chumba kilijengwa kwa kuipimia, nikatundika kitenge changu cha kanisani maana ndicho kilichokuwa kirefu. Tukala, mimi upande huu, yeye upande ule, Vero akipitisha sahani kwa chini ya pazia. Elpidius aliomba ashike mtoto, tukampitisha naye kwa njia ileile. Nikamsikia anamnong'oneza maneno ya Kinyambo ambayo wanaume hawayasemi mbele za watu. Niliyaelewa yote na nitakufa nayo.

Taa ilipozimwa nililala nimekakamaa kama gogo, nasikiliza. Aligeuka mara moja kwenye mkeka. Akakohoa, safari hii kwa baridi tu. Halafu akaanza kukoroma, mkoromo wa mtu aliyelala juu ya mabati tangu nifike na leo amefika kwake. Mama mkwe hapaswi kuusikia mkoromo wa mkwe wake, na kwetu Rugu kuna wanawake wangeona bora wafe. Mimi niliusikia wote. Nikapeleka mkono gizani kumgusa Vero, nimwambie asiogope, chumba kitapatikana, Mungu hamtupi mja wake. Hakunijibu. Geti lililia, mpangaji fulani anaingia, na kichwa chake hakikuinuka. Binti yangu alikuwa amelala.